Jogoo, Mwavuli na Tembo: Safari ya Jomoro

Accra

Aliyesoma Mlimani anaijua Nkrumah Hall, na asiyesoma Mlimani amewahi kuibeba mfukoni, kwani ilichorwa nyuma ya noti ya shilingi mia tano kabla fedha hiyo haijageuzwa sarafu. Jina la Kwame Nkrumah tunalo majumbani. Ila waulize watu alikuwa mbunge wa wapi, utajibiwa kwa kimya. Kwao ni Unzema, pembe ya kusini-magharibi ya Ghana, pale nchi inapoishia kwenye mpaka wa Ivory Coast. Utoto wake aliumalizia katika mji mdogo wa pwani uitwao Half Assini, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Jomoro. Lakini kiti kilichompeleka bungeni kwanza kilikuwa cha Accra.

Jomoro ndiyo iliyonipeleka Ghana. Ni jimbo lisilo na subira. Kuanzia uchaguzi wa 2008 hadi ule wa 2020, kila mara lilipeleka bungeni mtu mpya, na kila mtu mpya alitoka chama tofauti na aliyemtangulia. Nilitaka kuwaona wapiga kura wa namna hiyo kwa macho yangu.

Kwenda kwa Wanzema ni vizuri kuanzia Jamestown, mtaa wa wavuvi wa Accra, chini ya ule mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe. Hapo harufu ya samaki wa kukaushwa haikuachi. Karibu na mnara ipo James Fort, ngome ya Waingereza iliyokuja kufanywa gereza. Ndimo alimokuwamo Nkrumah Februari 1951, amefungwa kwa kuitisha migomo dhidi ya serikali ya kikoloni, huku jina lake likiwa kwenye karatasi za kura za Accra. Alipata kura 22,780 kati ya 23,122. Siku chache baadaye gavana, Charles Arden-Clarke, alimfungulia mlango na kumkaribisha aunde serikali. Kampeni aliiongoza kwa vijikaratasi vilivyotoroshwa gerezani, baadhi yake karatasi za chooni.

Jioni nilikwenda kwenye kaburi lake, katika bustani iliyokuwa kiwanja cha polo cha wakoloni. Hapo ndipo alipotangaza uhuru usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957. Sanamu yake ya shaba inanyoosha mkono mbele. Nyuma kuna sanamu nyingine, haina kichwa. Ni ile iliyoangushwa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 24 Februari 1966, na kichwa chake kimewekwa pembeni juu ya kiguzo chake peke yake. Mkewe, Fathia, Mmisri, naye amelazwa humo. Binti yao Samia atatokea mbele ya safari.

Kijana aliyekuwa akitembeza wageni aliposikia nimetoka Tanzania alinitajia Nyerere, kisha akaruka mpaka kwa Tom Mboya wa Kenya. Hakukosea. Desemba 1958, Nkrumah alipowaita wapigania uhuru wa bara zima mjini Accra, aliyekalia kiti cha uenyekiti alikuwa Mboya, mwenye umri wa miaka 28 tu, ambaye Nairobi ilikuwa imemchagua mwaka uliotangulia kuingia katika baraza la kutunga sheria. Lumumba alikuwa ukumbini.

Saltpond

Barabara ya magharibi inafuata bahari, mara inaionyesha, mara inaificha nyuma ya mashamba ya mihogo na maduka ya majeneza yenye maumbo ya samaki na magari. Saltpond ni mji wa Wafante uliochoka, wenye nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa zamani ambazo madirisha yake yameota nyasi. Watalii wengi wanaupita bila kushuka, wakiwahi ngome za Cape Coast na Elmina. Nilishuka.

Tarehe 4 Agosti 1947 hapa ndipo kilipozinduliwa chama cha United Gold Coast Convention, UGCC, cha kwanza kudai kujitawala kwa sauti isiyofichwa. Mawakili kama J. B. Danquah walikuwapo, lakini mwenyekiti na mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara wa mbao, George Alfred Grant, ambaye Waghana humwita Paa Grant. Alizaliwa Beyin, kijiji cha Wanzema kilichomo ndani ya Jomoro ya leo. Chama kilipohitaji katibu wa kudumu, walimkumbuka kijana mmoja aliyekuwa London baada ya masomo ya Marekani. Grant alitoa pauni 100 za nauli ya meli, na Nkrumah akarudi.

Kabla miaka miwili haijatimia kijana huyo aliona wazee wanakwenda polepole mno. Juni 1949 alijitoa na kuanzisha Convention People's Party, CPP, yenye nembo ya jogoo mwekundu. Wakenya wa umri fulani hawahitaji kuelezwa nguvu ya jogoo kwenye karatasi ya kura. Ukoo wa kisiasa wa akina Danquah ulipita kwenye vyama kadhaa hadi ukawa New Patriotic Party, NPP, chama cha tembo. Kwa hiyo mshindani wa jogoo na jogoo mwenyewe wote wana asili katika pwani ile ile ya minazi, mmoja kwa fedha za mzaliwa wa Beyin, mwingine kwa domo la mwanafunzi wa Half Assini. Mwavuli, nembo ya National Democratic Congress, NDC, ya Jerry Rawlings, ulikuja baadaye sana, kutoka kambi za jeshi.

Nilikula kenkey ya Kifante, iliyofungwa kwa majani ya mgomba na kuchachuka kuliko ile ya Accra, na samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga. Mama muuzaji alinitazama nikimega kwa mkono wa kulia bila kufundishwa, akaniongeza kipande cha samaki.

Axim

Baada ya Takoradi mvua ndiyo mwenyeji. Axim ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Ghana, na kila kitu mjini kina rangi ya kijani isiyotarajiwa: paa, kuta, ngazi za kanisa. Juu ya mwamba wa ufukweni ipo ngome ya Mtakatifu Anthony, iliyojengwa na Wareno 1515. Maeneo haya ndiyo alikozaliwa Anton Wilhelm Amo, mtoto aliyechukuliwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 18, akawa mwalimu wa falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena, kisha akarudi kufia Pwani ya Dhahabu. Paa Grant naye alifariki hapa Axim, Oktoba 1956, miezi michache kabla bendera ya mkoloni haijashushwa.

Nkrumah alifundisha shule hapa kabla ya kwenda Marekani 1935, na hapa ndipo mzee mmoja wa siasa za kikoloni, S. R. Wood, alipomwonjesha siasa. Leo Axim ni makao ya jimbo la Evalue-Ajomoro-Gwira. Ninalitaja kwa sababu Unzema una majimbo matatu yanayopakana kwenye pwani, hili, Ellembelle na Jomoro, na ukitaka kuelewa moja lazima umulike yote.

Baada ya mapinduzi ya 1966, CPP ilipigwa marufuku. Vyama viliporuhusiwa tena 1992, sheria ilikataza kutumia jina wala nembo ya chama chochote kilichowahi kufungiwa. Wafuasi wa Nkrumah wakajikuta wanaingia uwanjani bila jogoo, wamegawanyika vyama vinne, na wagombea wao watatu wa urais wakaambulia kura zisizofika asilimia 12 kwa jumla, wakati Rawlings alipata zaidi ya 58. Jina la CPP lilirudi mwishoni mwa muongo huo. Katika uchaguzi wa 2004 chama kilichowahi kutawala nchi nzima kilipata viti vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya Wanzema: Kojo Armah hapa Axim na Freddie Blay huko Ellembelle. Sijui chama gani kingine barani kimerudi nyuma mpaka kwenye kijiji cha mwanzilishi wake na kujibanza humo.

Magharibi ya mji tulivuka mto Ankobra. Miaka ya nyuma wasafiri waliusifia maji yake. Sasa ni mzito, wa rangi ya udongo, kwa kazi ya wachimbaji haramu wa dhahabu walioko bara. Abiria mwenzangu, mama aliyepakata ndoo ya konokono wakubwa, aliutazama, akasonya kwa sauti iliyosikika hadi kwa dereva, na hakuna aliyeuliza anamsonyea nani.

Nkroful

Hapa alizaliwa Nkrumah, tarehe 21 Septemba 1909 kwa hesabu ya padri aliyembatiza. Mama yake hakuwa na kalenda. Nkrumah mkubwa alijaribu kujihesabia umri kwa kuikumbuka meli ya Bakana, iliyokwama kwenye mchanga wa Half Assini mwaka 1913 akiwa mtoto mdogo.

Kijiji ni tulivu, cha udongo mwekundu. Kaburi lake la zamani lipo, tupu. Alifia Bucharest Aprili 1972, akazikwa kwanza Guinea kwa rafiki yake Sékou Touré, kisha akaletwa hapa kwa mama yake, na 1992 akahamishiwa Accra. Mlinzi aliniambia, bila uchungu wowote, kwamba serikali iliwachukulia maiti na kuwaachia zege.

Nkroful iko katika jimbo la Ellembelle, na hapa ndipo mambo ya 2008 yanapochekesha. Freddie Blay, aliyekuwa amelishika jimbo tangu uchaguzi wa 1996 na kufikia cheo cha naibu spika wa kwanza, alishindwa na Emmanuel Armah-Kofi Buah wa mwavuli. Kojo Armah naye kiti cha Axim kilimponyoka, kikaenda kwa Catherine Afeku wa tembo. Kijiji alikozaliwa mwanzilishi kikamtosa jogoo katika uchaguzi ule ule ambao jirani zake wa Jomoro walimpa jogoo kiti chake pekee nchini. Blay alikuja kuwa mwenyekiti wa taifa wa NPP. Buah hajatoka Ellembelle mpaka leo, na 2025 aliteuliwa waziri wa ardhi na maliasili. Majimbo mawili, lugha moja, ukoo mmoja: moja limeng'ang'ania mtu wake, jingine haliishi kubadilisha.

Beyin

Minazi inaanza kwa wingi hapa, lakini itazame vizuri. Katikati ya mashamba kuna nguzo tupu zisizo na makuti, mamia kwa mamia. Ni ugonjwa ambao sisi wa pwani ya Tanzania tunaujua kwa jina la kunyong'onyea, na Ghana umekula minazi ya Wanzema kwa miongo kadhaa. Mzee anayekosa nazi anahamia mihogo au mpira, na kijana anakwenda kwenye machimbo.

Ngome ya Apollonia, ya Waingereza wa karne ya 18, imegeuzwa jumba la makumbusho la utamaduni wa Wanzema lililofunguliwa 2010. Nilitumia saa nyingi humo kuliko ilivyostahili ukubwa wake. Hadithi iliyonishika ni ya mfalme Kaku Aka, aliyekataa amri za Waingereza mpaka 1848 wakaleta jeshi. Walimkamata, wakamfunga katika ngome ya Cape Coast, na humo akafariki 1851. Baada yake Unzema uligawanyika vipande vya magharibi na mashariki, na mipaka ya majimbo ya leo bado inafuata ufa huo kwa karibu.

Asubuhi iliyofuata mpiga kasia alinichukua kwa mtumbwi, kupitia mfereji mwembamba wenye maji meusi kama kahawa, hadi Nzulezu. Ni kijiji kilichojengwa chote juu ya nguzo ndani ya ziwa Tadane: nyumba, kanisa, shule, na njia kuu ya mbao inayopita katikati. Wakazi wanasimulia kwamba mababu zao walitoka Oualata, mbali huko kusini mwa Sahara, wakiongozwa na konokono mpaka kwenye maji haya. Wanalima nchi kavu, wanavua, na wanachemsha pombe kali ya mwale iitwayo akpeteshie, ambayo Mzaramo yeyote angeitambua kwa harufu kuwa ndugu wa gongo.

Nilimwuliza mpiga kasia kama wagombea wanafika. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Wanafika wote, alisema, kila baada ya miaka minne, wamevaa majaketi ya kuelea, nusu yao hawajui kuogelea, na ndipo bei ya mtumbwi inapopanda mara tatu. Mmoja aliahidi boti ya injini kwa ajili ya wagonjwa. Mwingine aliahidi choo. "Na wewe ulimpa nani?" Akaniambia kura ni siri, kisha kwa furaha kubwa akanitajia.

Half Assini

Nyumba za ufukweni zimeliwa na bahari. Zipo kuta zilizokatika katikati, jiko upande huu na chumba kikiwa kimekwenda na mawimbi. Baba yake Nkrumah alikuwa sonara hapa. Mtoto alisoma shule ya misheni ya Kikatoliki, na akiwa bado kijana mdogo akafundisha humo mwaka mmoja kabla ya kupelekwa chuo Accra.

Nilikaribishwa na mwalimu mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyewahi kusimamia vituo vya kura katika chaguzi kadhaa. Kwanza tulikula. Akyeke ni mihogo iliyokunwa, ikachachushwa na kupikwa kwa mvuke hadi iwe chenga chenga, inaliwa na samaki wa kukaanga, kitunguu kibichi, pilipili na mafuta kidogo. Ng'ambo ya mpaka wanaiita attiéké na wanadai ni yao. Mzee alitoa hukumu juu ya madai hayo ambayo sitaiandika.

Samia Nkrumah, alisema, alikuja kwa mshangao. Alizaliwa 1960. Siku ya mapinduzi, mama yake aliondoka na watoto kwenda Cairo, na Samia alikulia zaidi huko, akawa mwandishi wa habari, akaishi Italia. Watu wa Jomoro walimwona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, akitembea nyumba kwa nyumba mwaka 2008. Aliyekuwa kitini ni Lee Ocran wa NDC, mwanasiasa mzoefu ambaye baadaye aliwahi kuwa waziri wa elimu. Mgombea urais wa CPP mwaka huo, Paa Kwesi Nduom, alipata asilimia moja na kidogo tu nchini. Samia akashinda ubunge.

Waghana wana msemo kwa kura ya aina hiyo: sketi na blauzi, yaani rais wa chama hiki, mbunge wa chama kile. Kwetu CCM iliwahi kuhubiri mafiga matatu ili jambo hilo lisitokee. Hapa Jomoro, kwa maelezo ya mzee, lilitokea mchana kweupe. Kura Ghana zinahesabiwa hadharani, msimamizi akiinyanyua kila karatasi ili umati uione, nao unahesabu kwa sauti pamoja naye. Kwenye sanduku la urais umati ulikuwa ukiita mwavuli, tembo, mwavuli. Kwenye sanduku la ubunge, jogoo, jogoo, jogoo. Kina mama waliokuwa mabinti wakati Nkrumah alipopinduliwa walikaa chini kwenye mchanga wakalia.

"Basi kwa nini mlimwondoa?"

Mzee alijimiminia maji. "Mwanangu, tulimpigia kura baba yake. Deni lilikuwa letu, tukalilipa. Baada ya hapo ukabaki ubunge."

Alifafanua jinsi ubunge unavyofanya kazi kwao, na Mtanzania atajiona humo. Mkuu wa wilaya ni mteule wa rais, ingawa baraza la madiwani lazima limthibitishe. Greda, kisima, umeme wa kijiji, vinapita kwake. Mbunge anao mgawo wake wa fedha katika mfuko wa mabaraza ya wilaya, lakini ni mdogo, na mkuu wa wilaya wa chama kingine anaweza kuuchelewesha bila kuvunja sheria yoyote. Samia alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika ukumbi wa watu 230. Mwaka 2011 alichaguliwa mwenyekiti wa CPP, heshima kubwa, ila haikuweka lami hata mita moja. Wakati huo huo mafuta yalikuwa yameanza kutoka baharini mbele ya Unzema, Desemba 2010, na kila mtu alitaka mtu mwenye simu ya waziri. Uchaguzi wa 2012 kiti kikaenda kwa Francis Kabenla Anlimah wa NDC, chama kilichokuwa ikulu. Mwaka 2016 nchi ikahamia kwa tembo, Jomoro nayo ikamchukua Paul Essien wa NPP, na akapewa unaibu waziri.

Maelezo ya mzee ni mazuri, lakini yanavunjika mwaka 2020. Tembo alibaki ikulu, Essien alikuwa serikalini, na bado Jomoro ilimchagua Dorcas Affo-Toffey wa mwavuli. Nilimwambia hivyo. Hakubisha. Alisema nilikuwa bado sijafika Elubo, na mtu asiyefika Elubo asizungumzie 2020.

Nilikuwepo mji ukijiandaa kwa Kundum, sikukuu ya mavuno ambayo Waahanta na Wanzema wanaisherehekea kwa zamu, ngoma ikihama mji hadi mji kuelekea magharibi kati ya Agosti na Novemba. Mholanzi Willem Bosman aliiona zaidi ya miaka 300 iliyopita. Siku hizi kuna viti maalumu vya wabunge, na wale wanaotaka kuwa wabunge hukaa nyuma yao wakigawa vitenge. Hapa napo kuna kura za ndani ya vyama, na wapiga kura wake wanajua thamani yao. Nilimsimulia mzee kaulimbiu yetu ya 2020, kwamba wajumbe si watu. Aliiandika.

Elubo

Njia ya kaskazini inapita mashamba ya mpira na pembezoni mwa msitu wa Ankasa, ambako mvua inanyesha hata jua likiwaka. Halafu ghafla unaingia kwenye honi. Elubo ni daraja juu ya mto Tano, foleni ya malori, wabadilisha fedha wenye mabunda ya faranga, na ng'ambo ni mji wa Noé, Ivory Coast. Pande zote mbili wanazungumza Kinzema. Watu wanaoa huku na kuzika kule.

Machi 2020 Ghana ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa sababu ya korona, na haikuifungua hadi mwishoni mwa Machi 2022. Uchaguzi wa Desemba 2020 ukaikuta Elubo imefungwa. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia hili. Kila niliyemwuliza juu ya uchaguzi alianza kwa kunieleza habari za mpaka. Vijana walivusha bidhaa usiku kwa mitumbwi, askari wakitoza chao. Sidai kwamba hilo peke yake lilimwangusha Essien, lakini ningekuwa mgombea wa chama tawala mwaka ule, Elubo nisingeipita nikiwa nimefungua kioo cha gari.

Mpaka ukamfuata mshindi naye. Katiba ya Ghana ya 1992, kifungu cha 94, inamzuia kuwa mbunge mtu mwenye utii kwa nchi nyingine. Mpiga kura mmoja alikwenda mahakama kuu ya Sekondi akidai Affo-Toffey alikuwa na uraia wa Ivory Coast. Kwa kawaida kesi kama hiyo ingekuwa habari ya ukurasa wa ndani. Lakini bunge lile lilikuwa la viti 137 kwa 137, na mgombea binafsi mmoja, hivyo kuondoka kwa mbunge yeyote kungepindua mizani ya nchi. Huko Assin North mwenzake wa NDC, James Gyakye Quayson, alipoteza kiti kwa uraia wa Canada, kikarudiwa kupigiwa kura Juni 2023, akashinda tena. Affo-Toffey alibaki kitini, na Desemba 2024 akarudishwa, jambo ambalo Jomoro ilikuwa imelisahau. Serikali mpya ya Rais Mahama wa NDC ilimpa unaibu waziri wa uchukuzi. Kwa jimbo linaloishi kwa barabara na daraja, huo si uteuzi wa kudharau.

Kwenye kituo cha magari mama mmoja anauza akyeke kwenye majani. Mwaka 2008 alikuwa ndiyo kwanza amefikia umri wa kupiga kura. Nilimwomba anihesabie nembo alizozichagua kwa ubunge. Aliinua vidole vyenye chenga za mihogo: jogoo, kwa ajili ya bibi yake. Mwavuli, kwa ajili ya nguzo za umeme, na zilikuja nusu. Tembo, kwa sababu ya nusu iliyobaki. Mwavuli, kwa sababu ya mpaka. Mwavuli.

"Mara mbili mfululizo? Umempenda?"

"Nani kasema nimempenda?" Akanifungia samaki. "Bado sijamaliza naye."